Ndege wa Majani ya Kinangop

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Naivasha kwa njia ya juu, akifika mahali paitwapo Flyover, anaweza kugeuka kuume akaifuata barabara iendayo Njabini. Hapo hewa hubadilika. Joto la Nairobi husahaulika, watu huonekana wamevaa makoti mchana, na ukungu huweza kuifunika barabara ghafula hata taa za gari zikawashwa. Hapo ndipo uanzapo uwanda wa Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua. Upande wa mashariki husimama milima ya Nyandarua, iitwayo pia Aberdare; upande wa magharibi nchi hukatika kwa magenge na kushuka kwenye Bonde la Ufa, na siku isiyo na mawingu huonekana maji ya ziwa la Naivasha yaking'aa chini mbali. Uwanda wenyewe u juu ya mita 2,400 toka usawa wa bahari. Usiku wa baridi kali umande huganda juu ya majani, na alfajiri malisho huwa meupe kana kwamba yamemwagiwa chumvi.

Wengi wapitao njia hiyo, kutoka Njabini mpaka Engineer na Ndunyu Njeru, huvitazama vitu vilivyoipa nchi hii sifa yake: magunia ya viazi yaliyopangwa kando ya barabara, kabichi zilizojaa malori, ng'ombe wa maziwa, na kondoo wenye sufu nzito. Wachache sana hujua kwamba katika malisho hayo hayo, penye kwato za ng'ombe, yumo ndege mdogo ambaye haonekani katika nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya. Si ndege wa mbugani ambaye watu hulipa kiingilio ili wamwone. Ni ndege wa shambani, na mara nyingi mwenye shamba hukaa naye miaka mingi bila kujua ni nani.

Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Neno la kwanza ni la Kiyunani, na maana yake ni ukucha mkubwa; kwa maana kidole chake cha nyuma kina ukucha mrefu kupita kiasi kwa ndege wa umbo lake. Neno la pili ni kumbukumbu ya Richard Bowdler Sharpe, aliyekuwa mtunzaji wa ndege katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Aliyempa ndege huyu jina hilo, katika mwaka 1904, ni Frederick Jackson, ofisa wa Serikali ya wakati ule katika nchi hii, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda. Jackson alipenda ndege kuliko kazi nyingi za ofisini, na kitabu chake kikubwa juu ya ndege wa Kenya na Uganda kilitolewa mwaka 1938, baada ya kufa kwake. Sisi hapa tutamwita ndege huyu kwa lugha nyepesi: ukucha-mrefu wa Kinangop, ingawa anaishi pia katika majani ya nchi nyingine chache za juu katika Kenya, kama upande wa Mau Narok na Molo.

Basi tumtambueje? Jambo la kwanza ni kutazama chini. Mtu atafutaye ndege wa manjano huinua macho kwenye miti, naye huyu hana haja na miti. Hutembea juu ya ardhi kwa miguu yake, hatua kwa hatua, wala harukiruki kama shomoro. Urefu wake toka mdomo hata mwisho wa mkia ni kama sentimita 16 au 17. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo na majani makavu, wenye michirizi myeusi, hata akikugeuzia mgongo waweza kumpita hatua tano usimwone. Lakini akigeuka, koo na kifua na tumbo ni manjano safi, na juu ya kifua pana michirizi midogo myeusi, kama mtu aliyejaribu kalamu yake juu ya karatasi. Akiruka, pembeni mwa mkia huonekana manyoya meupe, kisha hutua tena na weupe huo hupotea.

Wapo ndege wengine watatu katika malisho hayo ambao humchanganya mtu asiye na mazoea, na ni vema kuwajua ili asihesabiwe asiyekuwapo.

Wa kwanza ni ndugu yake wa karibu, ukucha-mrefu wa koo la manjano, ambaye anajulikana sana katika sehemu nyingi za Afrika. Huyo ni mkubwa zaidi, na kifuani amevaa mkufu mweusi mnene, usiovunjika, uzungukao koo lake. Tena hupenda kupanda juu ya kichaka au nguzo ya ua na kuimba akiwa hapo. Ukiona mkufu mzima mweusi, au ukiona ndege amesimama juu ya mti akipiga mluzi, usiandike jina la yule wa Kinangop.

Wa pili ni mgeni. Kuanzia kama mwezi wa Oktoba mpaka Aprili huja ndege wembamba wa manjano kutoka Ulaya na Asia, wakimbiao miguuni mwa ng'ombe na kutikisa mikia yao bila kupumzika. Hao tumbo lao ni manjano matupu, hawana michirizi kifuani, na mkia wao ni mrefu na mwembamba. Wanafuata ng'ombe kwa sababu kwato zinawafukuza wadudu kutoka majanini. Kipupwe cha kwao kikiisha, hurudi kuzaa huko. Ukucha-mrefu hasafiri hivyo. Nyumba yake ni Kinangop mwaka mzima.

Wa tatu ni ndege wa hudhurungi mwenye michirizi, atembeaye chini kama yeye, umbo karibu sawa na lake, ila hana manjano yoyote. Huyo yupo katika malisho mengi ya Kenya, hata penye majani mafupi sana na udongo mtupu. Ukimwona ndege wa namna hiyo anatembea mbele yako, mngoje ageuke. Kifua ndicho kitakachokupa jibu.

Kumtambua ndege kwa rangi ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuzijua desturi zake, kwa kuwa desturi zake ndizo zituelezazo kwa nini yupo katika shamba moja na hayupo katika shamba la jirani.

Ukucha-mrefu huishi wawili wawili, au pamoja na watoto wao katika jamaa ndogo. Chakula chao ni wadudu: panzi, mende wa majanini na wengineo, ambao huwaokota ardhini. Mtu akiwakaribia, kwanza hawaruki. Hujibana chini na kujificha. Akizidi kukaribia, huruka kwa uzito kidogo, chini chini, mwendo mfupi tu, kisha hujitupa tena ndani ya majani. Sauti yake ni mluzi mwembamba upandao, ausemao akiwa ardhini au anaporuka. Asubuhi yenye utulivu sauti hiyo husikika vizuri, na mara nyingi sikio humpata kabla ya jicho.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo ufunguo wa habari hii yote. Malisho ya asili ya Kinangop si kama zulia lililokatwa sawasawa. Kati ya majani mafupi huota mashungi: vifungu vinene vya majani magumu, vilivyosimama kila kimoja peke yake, vingine vikifika magoti ya mtu. Ukucha-mrefu anahitaji vyote viwili, majani mafupi na mashungi, tena mahali pamoja. Katika majani mafupi ndimo atembeamo na kuona wadudu. Katika mashungi ndimo ajifichamo anapoona mwewe au mtu, na ndani yake, karibu na ardhi, ndimo ajengamo kiota chake cha majani makavu kama kikombe. Hutaga mayai mawili au matatu, katika majira ya mvua na baada yake, wakati wadudu ni wengi.

Palipo na majani mafupi matupu, bila shungi hata moja, ndege huyu atapata chakula lakini hatapata nyumba. Palipoachwa majani yakawa marefu kote, kwa kuwa hakuna mnyama alishaye, atapata maficho lakini hawezi kutembea wala kuona chakula. Kwa sababu hiyo ng'ombe na kondoo si adui zake. Mifugo ikilisha kwa kiasi hufanya kazi ya kupunguza majani kati ya mashungi, na ndege hupata sebule na chumba cha kulala. Jambo hili huwashangaza wageni wanaodhani kwamba kumhifadhi ndege ni kuwafukuza wanyama wa mfugaji. Katika Kinangop malisho yanayotumiwa vizuri na mifugo ndiyo makao yake.

Hapo twaweza kuelewa historia ya ndege huyu, ambayo ni historia ya nchi yenyewe. Zamani Wamasai walilisha ng'ombe wao hapa. Katika mwaka 1904, mwaka ule ule Jackson alipompa ndege jina, Wamasai waliingia katika mapatano na Serikali ya Kiingereza, wakahamishwa kutoka malisho ya Bonde la Ufa. Lakini katika mapatano hayo walibakiziwa maili tano za mraba katika miteremko ya Kinangop kwa ajili ya tohara ya vijana wao. Kisha wakaja walowezi wa Kizungu, na sehemu kubwa ya uwanda ikawa mashamba makubwa ya kondoo na ng'ombe. Wenyeji walibadilika, lakini majani yalibaki kuwa majani, na ndege akabaki.

Mnamo miaka ya mwanzo ya 1960, wakati Kenya ilipokuwa ikipata Uhuru wake, mashamba hayo yalinunuliwa na kugawanywa kwa wakulima Waafrika, wengi wao wakiwa watu waliokuwa hawana ardhi. Hapana mtu mwenye haki atakayelilaumu tendo hilo. Jamaa nyingi zilipata nyumba, watoto walisoma, na Kinangop ikawa ghala la chakula cha Nairobi. Lakini shamba la baba liligawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu. Na kadiri kipande kilivyopungua, ndivyo mwenyewe alivyolazimika kukitoa chakula na fedha zaidi. Malisho yalilimwa kuwa viazi na kabichi na ngano. Mashungi yaling'olewa kwa jembe, kwa sababu majani yake ni magumu na ng'ombe huyakataa. Mabonde ya majimaji yalikaushwa, na mahali pengi ikapandwa mikaratusi kwa ajili ya nguzo na kuni.

Juu ya mikaratusi yafaa tuseme neno, kwa maana sote tumefundishwa tangu shuleni kwamba kupanda mti ni tendo jema. Ni tendo jema penye mlima uliokatwa misitu, na kando ya nyumba isiyo na kinga ya upepo. Lakini nchi ya majani si msitu ulioharibika. Ni nchi kamili yenye viumbe vyake, na mwenye kuifunika kwa miti ameiharibu sawasawa na yule aliyeukata msitu. Zaidi ya hayo mikaratusi hunywa maji mengi. Maji ya upande huu ni mali ya watu wengi, kwa kuwa bwawa la Sasumua, lililo karibu na Njabini, hupeleka maji mpaka Nairobi.

Matokeo ya mabadiliko hayo ni kwamba ukucha-mrefu leo amehesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka duniani. Katika uwanda wa Uasin Gishu, ambako zamani alikuwako, karibu nchi yote imelimwa. Kinangop imebaki kuwa ngome yake kubwa, na ngome hiyo haina ukuta. Mbuga ya Taifa ya Aberdare, iliyowekwa mwaka 1950, iko karibu sana, lakini humo misitu na mianzi imetawala, na ndege huyu hawezi kuhamia msituni, kama vile samaki hawezi kuhamia mtini. Karibu malisho yote ayakaliayo ni mali ya watu, yenye hati na mipaka. Kwa hiyo maisha yake hayamo mikononi mwa askari wa wanyama. Yamo mikononi mwa wakulima.

Mkulima naye ana neno lake, na ni neno la haki. Ukimsimamisha njiani ukamweleza habari za ndege, atakusikiliza kwa heshima, kisha atakuuliza: "Ndugu yangu, je, ndege huyu atanilipia karo ya mtoto?" Viazi vikikubali, shamba dogo hulipa katika miezi michache. Shungi la majani halilipi kitu. Yeyote ajaye na hotuba asiyoweza kujibu swali hilo, afadhali abaki kwao.

Jibu lipo, ingawa si jepesi. Kwanza, viazi vinavyolimwa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka huchosha udongo na kukusanya magonjwa, na mabwana shamba hawachoki kusema kwamba ardhi ibadilishwe mazao na ipewe mapumziko. Shamba lililopumzishwa chini ya majani na ng'ombe wa maziwa si shamba lililolala, kwa kuwa maziwa hutoka kila siku, na bei ya viazi huweza kuanguka kwa juma moja. Pili, kondoo wana sufu, na sufu ina thamani ikifumwa. Huko Njabini wakulima wameunda chama cha kusokota na kufuma sufu, kusudi malisho yalete fedha yakiwa bado ni malisho. Tatu, watu husafiri kutoka nchi za mbali ili wamwone ndege huyu mmoja, na wenyeji wajuao mahali alipo wanaweza kuwa viongozi wao.

Wapo wenyeji walioanza kazi hiyo zamani. Chama cha Friends of Kinangop Plateau ni cha watu wa hapo hapo, nao huzunguka mashuleni na mashambani wakiwaonyesha jirani zao ndege huyu na makao yake. Chama cha Nature Kenya, ambacho mzizi wake ni ile jumuiya ya elimu ya viumbe iliyoanzishwa mwaka 1909, kimenunua vipande vichache vya malisho katika Kinangop ili viachwe na mashungi yake. Vipande hivyo ni kama akiba ya mbegu ghalani: vyafaa sana, lakini shamba zima halipandwi kwa akiba.

Kwa hiyo twamshauri mkulima wa nchi za juu kufanya yale awezayo bila kujiumiza. Katika malisho yake asiyang'oe mashungi yote. Ayaache hasa mahali penye majimaji, ambapo jembe halipati faida, na katika sehemu ambayo haikusudii kuilima. Ikiwa ana jirani mwenye malisho yanayopakana na yake, wasemezane, waiache sehemu hiyo pande zote mbili za ua, kwa kuwa ndege huyu ni wa mahali peupe na ukanda mwembamba kando ya miti haumfai. Mikaratusi ipandwe penye nyumba na penye mawe, isipandwe katikati ya malisho. Mifugo isizidi nguvu ya majani, jambo ambalo lina faida kwa ng'ombe mwenyewe kabla ya ndege. Na wachungaji wadogo waonywe wasichezee viota.

Faida ya mashungi haimhusu ndege mmoja tu. Katika malisho hayo hayo yupo ndege mwingine mwenye jina la Jackson, ambaye dume lake wakati wa kuzaa huwa jeusi na mkia mrefu uliopinda. Dume huyo huchagua shungi moja, hukanyaga majani kulizunguka mpaka pakawa duara kama uwanja wa ngoma, kisha hurukaruka juu na chini mchana ili majike wamwone. Mkulima akipanda ukingoni mwa shamba lake wakati huo ataona vichwa vyeusi vikitokea na kuzama juu ya majani kama maji yachemkayo. Shungi likiondoka, ngoma hiyo nayo imekwisha.

Tuna neno pia kwa makarani, waalimu na wote washikao kalamu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Anayekwenda nyumbani Kinangop, Molo au Mau Narok mwisho wa juma, achukue daftari dogo. Aende asubuhi, aombe ruhusa ya mwenye shamba, atembee polepole ukingoni mwa malisho, na atulie mara kwa mara asikilize. Akimwona ndege asimfukuze ili amwone tena, wala asitafute kiota, maana mguu wa mwenye kupenda huvunja mayai sawasawa na mguu wa adui. Aandike tarehe, jina la mahali, idadi ya ndege, urefu wa majani, na kama mashungi yapo au hayapo. Akirudi mwaka wa pili aandike tena, hata kama hakumwona ndege yeyote, kwa sababu "hayupo" nayo ni habari. Maandishi hayo ayapeleke kwa Nature Kenya au kwa idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi, ambako yatawekwa pamoja na ya wengine.

Nchi nyingi hujivunia vitu vikubwa, nasi tunao simba na tembo ambao dunia yote inawajua. Lakini simba na tembo wapo pia katika nchi nyingine. Ndege huyu wa gramu chache akitoweka Kenya, hapana nchi ambayo itatuazima mwingine. Ufunguo wa maisha yake anao mtu aliyesimama leo katika malisho yake ya Murungaru au Njabini, jembe begani, akilitazama shungi moja la majani na kufikiri kama aling'oe au aliache.